Mzee Sukari na Mafuta ya Siku Tatu

Leo ni Ijumaa, tarehe thelathini na moja ya mwezi wa kumi. Ni siku ya mwisho ya Mzee Sukari katika nyumba ya wanyama ya maabara yetu ya ini, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Kwao aliondoka mwaka mmoja kabla ya hapo, akiwa na begi moja, akamwahidi mama yake kwamba atarudi ujenzi ukiisha. Ujenzi wenyewe ulikuwa wa jengo hili. Alibeba zege la kuta hizi mpaka zikasimama. Wenzake wakalipwa wakarudi makwao, yeye akaombwa abaki wiki moja asaidie kupandisha vizimba ghorofani. Wiki hiyo inaisha leo saa kumi jioni.

Kwa kawaida mstaafu wetu huenda kupumzika. Huyu anakwenda kulazwa. Jumanne ijayo, katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara, madaktari watamkata sehemu ya ini lake wampe binti yake, yule mshonaji ambaye wengi wetu ametupunguzia suruali na kutuongezea vifungo. Ini la binti limechoka, na dawa zimefika mwisho wake. Asipopata kipande cha ini la mtu mwingine, hana muda mrefu. Ndiyo maana mezani leo kuna matunda tu, hakuna keki. Msiwalaumu waandaaji.

Mzee hataki tuandike kwa huzuni. Watu wa ofisini walijitolea kuandika wasifu huu kwa lugha ya kufunga tai, akawakatalia, akanipa mimi muosha vizimba, mtu wa darasa la sita na nusu. Nilipomwuliza kwa nini mimi, alisema, "Wewe mdogo wangu huna maneno makubwa. Hutaweza kunizika kabla sijafa." Basi nimeandika kwa niliyo nayo.

Kwa wageni waliokuja kwa ajili ya matunda, nieleze kazi yetu. Hapa watu wanachunguza jinsi ini linavyojijenga upya. Panya anapewa dawa ya usingizi, anakatwa sehemu mbili kati ya tatu za ini lake, anashonwa, anarudishwa kizimbani. Baada ya wiki moja na kidogo, ini lake limerudia ukubwa wake. Si kama mkia wa mjusi, ambao huota palepale ulipokatwa. Kile kipande kilichobaki ndicho kinachokua mpaka kinatosha kazi yote. Mimi nimefanya kazi hapa miaka kumi na moja na bado nikiliona jambo hilo nasimama.

Kazi ya Mzee Sukari ilianza pale kazi ya kisu ilipoishia. Panya akitoka chumba cha upasuaji, alipokelewa na yeye. Alimlaza kwenye maranda mapya chini ya taa ya joto, akampima uzito, akambadilishia maji, akamwangalia mpaka aamke. Ndani ya chumba hicho yeye alikuwa mfalme. Hakuna kupiga mluzi. Hakuna kufunga mlango kwa kishindo. Hakuna viatu. Mgeni mmoja mkubwa, aliyekuja na watu wa kumbebea mkoba, aliambiwa avue viatu mlangoni kama sisi wengine, tukaona kidole gumba kimetoka nje ya soksi kikatusalimia. Mgeni yule alikuwa mpole ajabu siku nzima, na ile mashine ya kufulia aproni tuliyoomba miaka mitatu ilifika mwezi uliofuata.

Panya wenyewe alizungumza nao kama watu waliolazwa. "Pole mama, umeamka? Usiangalie tumbo. Angalia ukuta." Aliyemng'ata alimwita mwanasheria. Aliyekataa kula alimwita bibi harusi. Palikuwa na panya dume mmoja mzito, wa kizimba cha mwisho karibu na dirisha, ambaye alikuwa akilala chali mchana kutwa. Huyo alipewa jina la mkurugenzi wa enzi hizo, na jina likashika hata kwa mkurugenzi.

Sasa tuingie kwenye jina lake yeye. Wafanyakazi wapya hudhani anaitwa Sukari kwa sababu ya ugonjwa, wakamwonea huruma na kumnyima chai. Si hivyo. Jina hilo alilipata kazini, kwa kosa, na neno Mzee liliongezwa baadaye mvi zilipokuja kuliombea nafasi.

Ilikuwa mwaka wake wa nne. Daktari wetu wa sasa, yule anayeongoza maabara hii, wakati huo alikuwa mwanafunzi mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa anachunguza jambo ambalo kila mtu aliliona na hakuna aliyelijali. Siku moja au mbili baada ya kukatwa, kipande cha ini kilichobaki hubadilika rangi. Kinakuwa cheupecheupe. Ukikikata vipande vyembamba, ukavitia rangi nyekundu inayoshika mafuta, ukaangalia kwenye hadubini, unaona matone ya mafuta yamejaa kila seli. Siku ya tatu yanaanza kupungua, na wiki ikiisha hayapo. Wakubwa wengi walisema hiyo ni dalili ya ini kuzidiwa. Mwanafunzi yeye aliuliza: ikiwa ini limezidiwa, mbona ndilo linakua?

Miezi ya kwanza kazi yake ilikwenda vizuri. Halafu ikaharibika. Panya wakawa wanakatwa vilevile, lakini mafuta hayaji, au yanakuja machache ya aibu. Na ini lenyewe likawa linakua kwa kujikokota. Mwanafunzi akabadili kisu. Akabadili rangi. Akabadili hadubini, akabadili na miwani. Mkubwa wake akamwambia ana mikono mibovu, na kwamba mwezi ukiisha bila majibu ya kueleweka afungashe virago arudi kwao. Alikuwa anakwenda kulia kwenye chumba cha kuoshea vizimba, kwa kuwa kule bomba lina kelele. Na aliyekuwa akimbembeleza kule ni nani kama si mhusika wetu. Alimwambia, "Usilie, dada. Wagonjwa wako mimi nawatunza vizuri kuliko unavyojua." Hilo lilikuwa kweli tupu, na ndilo lililokuwa tatizo.

Waliotoa siri ni sisimizi. Asubuhi moja mwanafunzi aliwakuta wamepanga mstari kutoka kwenye karo, wakapanda mguu wa meza, wakapita juu ya vizimba mpaka kwenye midomo ya zile chupa za maji. Alisimama akawatazama muda mrefu. Sisimizi hawana sababu ya kupanga foleni kwa ajili ya maji ya bomba. Akachukua chupa moja, akadondosha tone kwenye kidole, akalamba. Kisha akaita.

"Mjomba, umeweka nini kwenye haya maji?"

"Maji."

"Mjomba."

"Maji, na huruma kidogo."

Huruma hiyo ilikuwa vijiko viwili kwa kila chupa, kutoka kwenye sukari yake mwenyewe ya chai. Alikuwa amewaona panya wanaamka wakitetemeka, hawataki kula, wamejikunja, mwisho akashindwa kuvumilia. Alipokuwa mtoto akiugua, mama yake alimpa maji ya sukari, akapona. Akaona na hawa nao ni watoto wa mtu. Hakuwaza kwamba kuna la kumwambia mtu yeyote. Nani anatoa taarifa kwamba amempa mgonjwa maji?

Mkubwa wa enzi hizo alitaka aondoke siku hiyohiyo. Mkataba wake ulikuwa wa mwezi kwa mwezi, na mkewe alikuwa na mimba ya miezi saba. Mimba hiyo ndiyo huyu binti tunayemzungumzia. Mzee alikwisha kuvua aproni na kuikunja, maana alijua mtu wa kibarua anavyoondoka. Mwanafunzi akaingia ofisini kwa mkubwa bila kubisha hodi, na mama wa stoo, aliyekuwa akipanga glavu nje ya mlango kwa utaratibu usiokuwa wa kawaida yake, alisikia kila neno. Anasema mwanafunzi alisema hivi: "Huyu usimfukuze. Namhitaji arudie kosa lake."

Akalirudia, safari hii kwa mpango. Nusu ya vizimba maji ya sukari, nusu maji matupu, na asiwahurumie wa nusu ya pili. Watu waliokuwapo wanasema ndiyo kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya, zege likiwemo. Alikuwa akishaweka maji matupu anatoka nje, anasimama koridoni na uso ukutani, ili asije akashawishika.

Majibu yalikuja kama mwanafunzi alivyotumaini. Panya waliokunywa sukari miili yao ilishiba haraka. Haikuona haja ya kugusa mafuta yake yenyewe. Kwa hiyo mafuta hayakutoka tumboni na mapajani kwenda kwenye ini, na ini likachelewa kukua. Waliokunywa maji matupu walikonda kidogo, ini lao likajaa matone siku mbili tatu, halafu likainuka kama unga uliotiwa hamira. Watafiti wa nchi nyingine nao walikuwa wakiona mambo ya namna hiyo kwa njia zao. Lakini hapa kwetu tulionyeshwa na sisimizi, na kwa sababu ya moyo laini wa mbeba zege.

Tangu hapo, kila mfanyakazi mpya, awe daktari au mfagiaji, alipitia somo la Mzee Sukari kando ya sinki. Sikuwahi kulisikia limebadilika. Anasema:

"Nyumba ikibomoka wanakuja vibarua. Wanajaa uani. Wanatandika magodoro, wanaanika soksi kwenye uzio, wanapika hapohapo. Jirani akichungulia anasema nyumba hii imekwisha. Sasa wewe ukitoka na fimbo ukawafukuza siku ya kwanza kwa sababu wanachafua ua, ukuta atajenga nani? Shemeji yako? Waache. Ukuta ukisimama wataondoka wenyewe, hata kwaheri hawasemi."

Hayo ndiyo mafuta ya siku tatu. Kisha huinua kidole na kuongeza kwamba wapo pia mafuta wa aina nyingine, wale wanaokuja wakati hakuna kilichobomoka. Hawa ni wapangaji wasiolipa. Wanakaa miaka, wanaziba madirisha, na siku nyumba ikibomoka kweli, vibarua wanakosa hata pa kuweka ndoo. Najua mafuta si watu na sarufi yangu hapo imeteleza, lakini yeye husema hivyo na nimemwachia.

Mimi nilipolisikia somo hilo mara ya kwanza lilinigusa, maana nami nimetoka mbali na niliwahi kuanika soksi kwenye uzio wa watu. Nikamwuliza, yeye aliyekuja kujenga na hakuondoka ni mafuta wa aina gani. Alinitazama mpaka nikajuta. Akasema, "Mimi ni tone lililosahauliwa. Nenda kaoshe vizimba."

Na sasa tufike mwaka huu. Binti yake ana ugonjwa ulioanza polepole tangu utotoni, wa mirija ya nyongo, na kwa muda mrefu dawa ziliutuliza. Mwezi wa tano alikuwa anashona gauni la harusi. Baba yake alipita kumsalimia, akaona vidole vya mwanawe juu ya kile kitambaa cheupe. Vilikuwa vya manjano. Mtu aliyetazama maini miaka yote hiyo hakuhitaji kuambiwa. Alisema tu, "Acha kushona, mama. Tunakwenda hospitali."

Mama yake binti alijitolea kwanza, damu ikakataa. Kaka yake naye damu ikakataa. Ya baba ikakubali, na nyumba nzima ikashangilia usiku huo kama wameshinda kombe. Asubuhi akapitishwa kwenye mashine ya picha. Daktari wa upasuaji akatazama kioo, akamtazama tumbo, akarudi kwenye kioo. Akamwambia, "Mzee, ini lako lina mafuta mengi. Hatuwezi kulikata likiwa hivi. Halitakutosha wewe wala mwanao."

Mzee wetu akaanza kumfundisha daktari. Akamweleza habari za vibarua na uzio na soksi. Daktari alisikiliza kwa heshima zote kisha akampigia simu Daktari wetu aje amchukue mtu wake. Walirudi wakivuka barabara pamoja, na mlinzi wa geti aliwasikia.

"Lakini wewe mwenyewe ulithibitisha mafuta yanasaidia."

"Mjomba, ya panya wako yanakuja na kuondoka. Hayo yako yamekuja nilipopata digrii na bado yapo."

"Kwa hiyo mimi nina wapangaji."

"Wana mpaka hati ya kiwanja."

Ilikuwa inachekesha na haikuwa inachekesha. Hospitali haikati ini la mtu aliyevuka miaka sitini, na Mzee anazitimiza mwishoni mwa mwezi ujao. Alikuwa na miezi mitano ya kuwatoa wapangaji. Akishindwa, hapakuwa na mtu mwingine wa damu ile.

Hapo ndipo tumbo la Mzee Sukari lilipokuwa mali ya umma. Mama wa kantini, aliyemuuzia chipsi kwa miaka kumi na minane, alimfungia dirisha na kumfungulia bakuli la mboga. Mlinzi alimkagua mifuko akiingia, badala ya akitoka. Fundi wa lifti aliweka karatasi mlangoni kwamba lifti ni mbovu kwa watu wenye aproni ya bluu, na mwenye aproni ya bluu ni mmoja. Wanafunzi walimtuma ghorofani kuleta vitu ambavyo vilikuwa mkononi mwao. Jioni mimi ndiye nilikuwa na zamu ya kutembea naye mpaka kwake, njia ndefu, ile inayopita nyuma ya kiwanda cha mikate. Alipita pale ameziba pua kwa vidole viwili, na kwa mkono mwingine ananipungia nitembee haraka.

Msidhani alikuwa malaika. Mwezi wa saba uzito ulikwama, haushuki wala haupandi, tukaumiza vichwa. Daktari akashuka mwenyewe kwenye nyumba ya wanyama. Akatazama huku na huku, kisha akainama chini. Sisimizi. Mstari mmoja, umenyooka, unakwenda kwenye pipa la maranda safi. Akauingiza mkono mle akatoa keki, imefunikwa maranda vizuri kama yai la kuku, imeliwa nusu. Mzee hakukana. Alisema, "Hawa wadudu na mimi tuna ukoo."

Daktari hakucheka siku hiyo. Alimwekea ile keki mkononi, akamwambia kwa sauti ya chini, tena bila kumwita mjomba, "Chagua wewe." Akapanda ngazi akaenda zake. Mzee alibaki amesimama na keki kiganjani kwa muda ambao mimi nilimaliza kuosha safu nzima ya vizimba. Kisha akaibomoa vipande vidogo, akaitupa kwenye karo kwa wenyewe. Haikurudi tena keki katika chumba kile.

Kipimo chetu cha kila wiki kilikuwa suruali. Binti, ambaye kufikia hapo alikuwa anashona akiwa amekaa kitandani, alimpunguzia baba yake kiuno kila Jumapili. Alikuwa anashika kitambaa kilichozidi kwa vidole viwili, anabandika pini, anasema, "Baba, mpangaji mmoja amehama." Wiki nyingine hapakuwa na cha kushika, akairudisha pini mahali pake, na Jumatatu tulikuwa tunajua bila kuuliza. Mwezi wa tisa pini zilikaribiana sana. Mifuko ya nyuma ya suruali ilikuwa imekutana katikati, inaonekana kama mfuko mmoja mpana wa kubebea magazeti.

Wiki tatu zilizopita akapigwa picha mara ya pili. Daktari wetu ndiye aliyepokea simu. Tulimsikia anashuka ngazi, na kwa mara ya kwanza katika historia ya jengo hili alifungua mlango wa chumba kile kwa kishindo na viatu vyake miguuni. Mzee alikuwa anaosha chupa. Hakugeuka. Daktari akasema, "Mjomba, wamehama." Mzee akaiweka chupa chini, akaigeuza ndoo, akaikalia. Alifuta uso kwa aproni, akafuta na mikono, akafuta tena uso. Sisi wote tukawa na shughuli za ghafla ukutani. Kisha akauliza kama sasa anaweza kupata sahani ya chipsi. Jibu lilitoka kwa watu saba kwa pamoja.

Hivyo ndivyo tulivyofika leo. Binti anasubiri upande ule wa barabara. Baba atavuka keshokutwa jioni. Wameelezwa yote, pamoja na yale ambayo hakuna daktari anayeweza kuyaahidi, na wameyakubali. Baba amemwambia mwanawe kwamba kila mmoja atabaki na kipande, na kila kipande kitakua, na kwa siku kadhaa wote wawili watakuwa na vibarua uani kwa wakati mmoja. Binti amejibu kwamba hilo ini likianza kudai keki atalirudisha dukani.

Mzee ana ombi moja kwetu, na ameniagiza niliandike lieleweke. Anasema kisu hakiogopi. Anaogopa kuamka, kwa sababu amewaona walioamka, na anajua atatetemeka. Anasema, "Nikitetemeka, asije mtu mwenye huruma." Maana yake ni kwamba tusimletee soda, wala asali, wala pipi ya kuweka chini ya ulimi. Daktari ametuambia tusichanganye mambo, panya si mtu, na huko wodini wanajua cha kumpa na kiasi gani. Wakimpa hata sukari watakuwa wamepima. Sisi hatujapima. Mama wa stoo ameteuliwa kukagua mifuko ya wageni, na wanaomfahamu wanajua hakuna pipi itakayopita.

Nyumba ya wanyama itakuwa mikononi mwangu mpaka apatikane mtu. Ameshanionyesha taa ipi inachoma na ipi inapasha, na kizimba kipi mlango wake unadanganya. Amenionya kuhusu moyo wangu, kwamba ni laini kama wake. Nimemwambia sukari yangu ni ya kuomba kwa majirani, haitoshi hata chai.

Mzee Sukari, kwa miaka hii yote umewapokea walioamka wakiwa na maumivu na hukumwacha hata mmoja aamke peke yake. Tunakushukuru kwa hilo, na kwa viatu ulivyotuvua, na kwa kosa lako la vijiko viwili. Jumanne asubuhi tutakuwa dirishani upande wa barabara, wote, hata wa ofisini. Tunakutakia ini pana, usingizi mzito, na binti wa kukusumbua mpaka uzeeni.

Zawadi tuliyochanga ni suruali mpya. Kitambaa tumenunua sisi, na aliyeishona ni binti mwenyewe, kazi yake ya mwisho kabla ya kulazwa. Kiuno ni chembamba, kama hali ilivyo. Lakini nimeigeuza ndani nikaona kitambaa kilichozidi hakukikata. Amekikunja na kukishikiza kwa uzi mwepesi, ili siku ikihitajika afumue na kumwongezea baba yake kidogo. Kidogo tu.

Kikombe chake na kijiko vinabaki kwenye ndoano juu ya sinki, na hakuna ruhusa ya kuvigusa. Amesema atakuja kuvichukua mwenyewe, kwa miguu yake, akiwa na mshonaji wake pembeni. Mtegemeeni Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa pili, saa mbili asubuhi. Mlango usifungwe kwa kishindo.